Vitamini D, Kiuno na Mkojo Unaoponyoka: Kidonge Kinachotuondolea Aibu ya Kuulizana

Mwanamke aliyekatika hedhi akiingia katika duka la dawa, liwe la Mwembe Tayari au la Kongowea hapa Mombasa, akasema kwamba kiuno hakina nguvu na magoti yanamsumbua, si ajabu akatoka na chupa ya vitamini D, pengine iliyochanganywa na kalsiamu. Hataulizwa kama mkojo humponyoka akikohoa, kama huhisi kitu kinashuka ukeni jioni baada ya kusimama kutwa, wala alizaa mara ngapi na uchungu wake ulichukua muda gani. Mwenyewe naye hakwenda pale kuulizwa hayo. Alilalamikia kiuno kwa sababu kiuno kinatajika mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yake, na muuzaji, ambaye huenda ni kijana wa umri wa kitindamimba wake, amempa kitu kinachouzika bila ya maelezo. Kila mmoja amebaki na heshima yake, na tatizo limebaki mahali pake.

Sikusudii kuibeza vitamini D. Ina kazi yake mwilini, na wapo wanawake wa Mombasa wanaoihitaji kwelikweli. Ninachokipinga ni nafasi iliyopewa katika matatizo ya nyonga ya wanawake wa makamo na wazee, ambako imekuwa dawa ya kwanza, na kwa wengi dawa ya pekee, ya hali ambayo ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba inaitibu. Kwa maoni yangu imepata nafasi hiyo kwa kuwa inamezwa kimyakimya. Tiba zenye ushahidi bora zote zinadai kwamba mtu fulani afungue kinywa na kuutaja uke, kibofu na choo.

Tuanze na mwili wenyewe. Chini ya nyonga, kuanzia kwenye kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma, pametandazwa misuli na kano zinazobeba kibofu cha mkojo, tumbo la uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mpangilio wake unafanana na kitanda cha kamba: kamba zikikazwa vyema humbeba mlalaji bila ya yeye kuzifikiria, zikilegea kitanda hubonyea hata kama matendegu ni mazima. Kuzaa kwa njia ya kawaida, hasa uchungu uliokawia au mtoto mkubwa, huivuta misuli hiyo na mara nyingine kuichana. Miaka ya kunyanyua madumu ya maji ya lita 20, kikohozi kisichokwisha, unene wa tumbo na kufunga choo huongeza uzito unaoikandamiza. Kisha hedhi inakoma, jambo ambalo kitabibu huhesabiwa limetimia miezi 12 ikipita bila ya damu, na homoni ya estrojeni inapungua. Ngozi ya ndani ya uke na ya mrija wa mkojo inakuwa nyembamba na kavu, tendo la ndoa linauma, na maambukizi ya njia ya mkojo yanakuwa ya kurudiarudia. Ndiyo maana mwanamke aliyezaa akiwa kijana na asione dosari yoyote huweza kuanza kulowa akiwa na miaka 54, akashindwa kuelewa kosa limetoka wapi, kwa kuwa uzazi wa mwisho ulikuwa zamani na hakuna jipya alilolifanya.

Vitamini D inaingiaje hapa? Inaingia kwa njia ya heshima kabisa. Vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vimeonekana katika misuli ya mwili na katika ukuta wa kibofu, na upungufu mkubwa wa vitamini hiyo hudhoofisha misuli, hasa ya mapaja na ya nyonga. Basi lilikuwa swali la busara kuuliza kama kiwango chake katika damu kinahusiana na ulegevu wa misuli ya chini ya nyonga. Mwaka 2010 ulichapishwa Marekani uchambuzi wa takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa afya na lishe wa miaka ya 2005 na 2006, uliohusisha wanawake 1,881. Wale waliokuwa na tatizo la misuli hiyo walikuwa na wastani wa chini wa vitamini D, na miongoni mwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliofikisha nanogramu 30 au zaidi katika mililita moja ya damu hawakuponyokwa na mkojo kwa kiasi cha wenzao. Habari ya namna hiyo husafiri upesi. Ikifika katika simu zetu huwa imeshageuka kuwa agizo la kununua.

Uchambuzi huo, hata hivyo, ulipima vitu viwili kwa wakati mmoja. Haukuonyesha kipi kilitangulia. Mtu mnene huwa na kiwango cha chini cha vitamini D katika damu kwa sababu sehemu yake hufichwa katika mafuta ya mwili, na unene huohuo hukandamiza kibofu. Mtu mwenye kisukari, mtu asiyefanya mazoezi na mtu aliyezeeka wote huwa katika hatari ya mambo yote mawili. Mimi naona kuna jambo jingine linalopaswa kutushughulisha zaidi sisi wa Pwani: mwanamke anayelowa hukaa ndani. Huacha kwenda harusini kwa sababu hajui choo kiko wapi, huacha kuvuka kivuko cha Likoni saa za msongamano, hupunguza safari za sokoni, na jua analolipata linapungua pamoja na safari hizo. Ukimpima damu utaikuta vitamini D iko chini, na utashawishika kusema kwamba upungufu ndio ulioleta mkojo, ilhali huenda mkojo ndio uliomfungia ndani akakosa jua.

Njia ya kulitatua fumbo la namna hii ni kuwapa watu vitamini hiyo kwa kura, wengine wapewe kidonge kisicho na kitu, na kusubiri. Hilo limefanywa. Jaribio kubwa la Marekani lijulikanalo kama VITAL liliandikisha watu 25,871, wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 55 na zaidi, na nusu yao wakapewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa takriban miaka mitano. Matokeo yaliyohusu wanawake na kuponyokwa na mkojo yalitolewa mwaka 2022: kwa jumla, waliomeza vitamini hawakupona zaidi wala hawakukingika zaidi kuliko waliomeza kidonge kitupu. Mwaka huohuo likatolewa jibu la mifupa kutoka katika jaribio hilohilo, nalo likaonyesha kwamba kuvunjika mifupa hakukupungua. Kwa insafu niseme kwamba wengi wa washiriki hao hawakuwa na upungufu walipoanza, kwa hiyo jaribio halimhukumu mwanamke ambaye kiwango chake kimeanguka sana. Linamhukumu yule anayemeza kwa kubahatisha, na huyo ndiye mteja wa kawaida wa duka la dawa.

Hapo huzuka swali ambalo kila mgeni wa mji huu huliuliza: Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta, jua linawaka mwaka mzima, upungufu unatoka wapi? Jua kuwaka juu ya mji ni jambo moja na jua kuifikia ngozi ni jambo jingine. Mionzi inayotengeneza vitamini D haipenyi kioo wala kitambaa kizito. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile, na ngozi ya mtu mzima wa miaka 60 hutengeneza kidogo kuliko ilivyokuwa ujanani. Tafiti za nchi za Ghuba, ambako jua halina ubahili na wanawake wengi hujifunika, zimekuta upungufu mara kwa mara. Barani Afrika, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, ambao watafiti wa Kilifi walishiriki, ulikusanya tafiti 129 kutoka nchi 23 na kukuta takriban asilimia 34 ya watu waliopimwa wakiwa chini ya nanomoli 50 kwa lita, kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa ni upungufu.

Nyumba zetu nazo zimebadilika. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ilikuwa na ua nyuma, mwanamke akipepeta mchele au akifua huku mikono na shingo viko wazi, na jua la saa tano likimpata bila ya kuvunja sitara yake. Fleti ya ghorofa ya nne haina ua. Ina kibaraza chenye vyuma na nguo zilizoanikwa, kinachotazamana na kibaraza cha jirani. Tena ule ushauri wa kuota jua la asubuhi, ambao karibu kila mmoja wetu ameusikia, hauna faida kubwa katika jambo hili, kwa kuwa jua la saa moja asubuhi lina kiasi kidogo mno cha mionzi inayohitajika. Dakika chache za jua la saa nne au saa tano kwenye mikono na miguu zina thamani kuliko nusu saa ya alfajiri. Mezani napo, vyakula vyenye vitamini D kwa wingi ni vichache: samaki wenye mafuta kama dagaa na jodari, ini, na kiini cha yai.

Kwa hiyo upungufu upo, na mwanamke asiyeonja jua, anayeumwa na mifupa au aliyeanguka akavunjika kifundo cha mkono kwa kujikwaa tu, ana sababu ya kumwona daktari na kuzungumza naye juu ya kipimo cha damu na dozi. Lakini hata kipimo chenyewe kimekuwa biashara yenye kutatanisha. Maabara moja huandika majibu kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa nanomoli kwa lita, na nanogramu moja ya kwanza ni sawa na nanomoli mbili na nusu za pili. Mwanamke mwenye nanomoli 60 hana upungufu kwa kigezo cha nanomoli 50. Akisomewa majibu yake na mtu aliyechanganya vipimo huweza kuogopeshwa bure, na mwenye nanomoli 25 akaambiwa kwamba amefaulu kwa kuwa 25 ni zaidi ya 20, ilhali 20 hizo ni za nanogramu, ambazo ndizo nanomoli 50. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, ambacho mwaka 2011 ndicho kilichoweka kiwango cha nanogramu 30 kinachotajwa hadi leo, kilikiacha kiwango hicho mwaka 2024 na kikashauri watu wazima wasio na sababu maalumu wasipimwe ovyo. Habari hiyo ya pili haikusafiri kama ile ya kwanza, labda kwa sababu haina cha kuuza.

Wapo wanaosema kwamba hata isipofaa haidhuru. Huo ni udhaifu wa hoja. Huko Australia wanawake wazee zaidi ya 2,000 walipewa kwa kura dozi moja kubwa ya yuniti 500,000 kwa mwaka au kidonge kitupu, na matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa vitamini ndio walioanguka na kuvunjika zaidi. Ukizidisha vitamini D kwa muda mrefu, kalsiamu hupanda katika damu, na dalili za kupanda huko ni kiu, kukojoa mara kwa mara na kufunga choo. Yaani mwanamke aliyekwenda kutafuta dawa ya kibofu huweza kujiongezea mkojo wa kukimbilia chooni na choo kigumu cha kusukuma, na kusukuma huko ndiko kunakoilegeza zaidi misuli anayotaka kuiponya. Mahitaji ya kawaida ya siku ni yuniti 600 hadi umri wa miaka 70, na 800 baada ya hapo. Kupita 4,000 kila siku si jambo la kujiamulia kaunta.

Sasa tuitazame tiba ambayo haina chupa. Mwaka 1948 daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya kuikaza misuli hii, na tangu hapo yamepimwa mara nyingi. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 yalikuta kwamba katika wanawake wanaoponyokwa na mkojo wakikohoa au kunyanyua, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, wakati waliokaa bila ya tiba waliosema hivyo ni asilimia 6. Hakuna kidonge cha vitamini chenye rekodi inayoikaribia hiyo. Unapofanya zoezi, unakaza kama anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, unavuta kwenda juu na ndani, unashikilia hadi hesabu ya sita au nane bila ya kubana pumzi wala kukaza makalio, kisha unaachia kabisa na kupumzika kwa muda uleule. Mikazo minane kwa uchache, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Pia kuna hila ndogo ya kukaza sekunde moja kabla ya kupiga chafya au kuinua dumu, na wengi huiona faida yake mapema. Wasiwasi wangu ni kwamba mwanamke akipewa karatasi tu huenda akasukuma kwenda chini badala ya kuvuta kwenda juu, na hapo anajiumiza. Ndiyo sababu anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia wa kumwelekeza, walau mara ya kwanza.

Mazoezi hayatoshi kwa kila mmoja. Penye ukavu na maambukizi ya kurudiarudia, krimu au tembe ya estrojeni inayowekwa ukeni hufanya kazi, na kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asiitumie kabla ya kushauriana na daktari wake. Estrojeni ya kumeza ni habari nyingine kabisa: uchambuzi wa mwaka 2005 wa utafiti mkubwa wa wanawake wa Marekani ulionyesha kwamba homoni za kumeza ziliongeza tatizo la mkojo. Kizazi kikishuka, ipo pete laini ya silikoni inayowekwa ukeni kukishikilia, inayovuliwa na kusafishwa, ambayo humfaa hasa mwanamke asiyetaka kupasuliwa au asiyeweza. Kuhusu uzito, utafiti wa mwaka 2009 uliohusisha wanawake 338 wanene ulionyesha kwamba waliopunguza takriban asilimia 8 ya uzito wao walipunguza matukio ya kulowa kwa asilimia 47, wakati kundi la kulinganishia lilipunguza kwa asilimia 28. Na mwenye kisukari aitazame sukari yake kwanza, kwa maana sukari ikipanda mkojo huongezeka, na kama amekuwa akinywa metformini kwa miaka, vitamini inayostahili kupimwa huenda ni B12, ambayo upungufu wake hudhuru neva.

Kwa nini basi haya hayasemwi? Katika mji huu jibu lake moja linapatikana kwenye udhu. Mwanamke ambaye mkojo humtoka bila ya hiari hujiona kuwa hana twahara. Huacha tarawehe, huacha darsa, na wengine huswali kwa hofu ya kwamba swala yao haikubaliki. Aibu hiyo ni nzito kuliko ya mtaani, kwa sababu ni kati yake na Mola wake. Fikihi ya Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani tunaifuata, imemwekea mwenye udhuru wa mkojo usiokatika hukumu yake: ajisafishe, ajifunge, atie udhu wakati wa swala ukishaingia na aswali faradhi yake, kisha afanye hivyo tena kwa faradhi nyingine. Kwa anayelowa akikohoa tu hukumu ni tofauti, na wa kumweleza ni mwalimu wake. Nimesikia darsa nyingi za wanawake zikieleza kwa kina twahara ya hedhi na ya nifasi. Ya mwanamke aliyekwishapita hayo yote huguswa kwa sentensi moja, kama huguswa.

Somo, yaani kungwi, naye humfunza mwari. Humwambia kuhusu mwili wake bila ya kificho, tena kwa lugha ya Kiswahili fasaha ambayo hospitali zetu hazina, na mafunzo ya kiuno anayoyatoa yanaifikia misuli hiihii. Mafunzo hayo huishia kwenye ndoa na uzazi wa kwanza, ambapo mzazi hufungwa mkaja na kukandwa, na baada ya hapo mwanamke hana tena mtu wa kumwambia lolote kuhusu sehemu hizo kwa miaka 30. Naamini kuwafunza makungwi na wakunga zoezi sahihi la misuli ya nyonga kungeleta faida kubwa kwa gharama ndogo, kwa kuwa wao hawaoni haya ya kuuliza, na wanaoulizwa hawawaonei haya kuwajibu.

Hospitalini pia mlango upo. Wanawake wengi wa umri huu huhudhuria kliniki za presha na kisukari kwa miadi. Hupimwa uzito, presha na sukari, huandikiwa dawa na kurudi nyumbani. Muuguzi wa kike angeweza kuongeza swali moja, akiwa naye peke yake chumbani: mama, mkojo hukuponyoka, au unahisi kitu kinashuka? Akijibu ndiyo, achunguzwe mkojo kwa maambukizi, atazamwe kama kizazi kimeshuka, aonyeshwe zoezi na kupewa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Asipoona nafuu apelekwe kwa daktari wa wanawake kwa ajili ya pete, krimu au upasuaji. Kidonge cha vitamini D, akiwa na sababu ya kukihitaji, kiandikwe siku hiyohiyo kwa ajili ya mifupa yake, na aelezwe kwamba ni kwa ajili ya mifupa. Akisema kwamba ameona damu ukeni ilhali hedhi ilishakatika, au damu katika mkojo, asipewe mazoezi wala vitamini kabla ya kuchunguzwa saratani, na uchunguzi huo ufanywe wiki hiyohiyo.